Memories of Murder: muvi ya upelelezi isiyomkamata muuaji, ni ufundi au tumepigwa?

#1 Kibatari

Wakuu salama? Jana usiku nimemaliza Memories of Murder ya yule Mkorea Bong Joon-ho, ile ya 2003, maana kila mtu akiulizwa muvi kali ya upelelezi lazima aitaje. Nimekaa masaa mawili na ushee, mvua inanyesha, wanawake wanauawa, mapolisi wanakimbizana usiku, washukiwa wanapigwa mateke mpaka unawaonea huruma, karatasi ya vipimo inasubiriwa kutoka Marekani, moyo unaenda mbio... halafu MUUAJI HAJULIKANI. Muvi inakatika steringi ananikodolea macho kwenye skrini utadhani namdai.

Sasa wajuzi nielezeni. Huyu diarekta alikosa pa kumalizia akatuacha njia panda ili tumuite jiniasi, au kuna kitu sijakiona? Mimi naona tumepigwa. Muvi ya upelelezi inakuahidi kitu kimoja tu, nani kaua. Hata kibanda umiza enzi zile adui alikuwa lazima apatikane ndo watu wanatoka.

Onyo: uzi una spoila, ambaye hajaangalia aondoke sasa hivi asije kunilaumu.

#2 Mzee wa Reli

Nimekaa pale.

#3 Bint Chuda

Kibatari muuaji yupo mbona, ulikuwa unachati nini? Ni yule kijana mweupe wa kiwandani, Hyeon-gyu. Hesabu mwenyewe: kahamia pale muda si mrefu ndo mauaji yakaanza. Kila usiku wa mvua ambao mwanamke anauawa, redioni unapigwa ule wimbo wa huzuni, na anayeandika kadi kuuomba ni yeye. Yule mama aliyenusurika alisema mikono ya mtu yule ilikuwa laini, wakamshika kijana mkono, laini kama ya mtoto. Unataka nini tena, akuandikie barua?

#4 Wakili Njaa

Bint Chuda ungekuwa hakimu magereza yangejaa hadi kwenye paa. Mikono laini? Mimi pia nina mikono laini na sijaua mtu. Wimbo? Watu wangapi wanaomba wimbo mmoja redioni kila wiki, tena siku za mvua ndo watu wanakaa ndani kusikiliza redio. Ulichoorodhesha chote ni hisia zimevalishwa suti. Ushahidi pekee wa maana ulikuwa ile DNA, wakaituma Marekani kwa sababu Korea ya wakati ule kwenye muvi hawana mashine, na karatasi ilivyorudi haikumtia hatiani. Kesi imeisha hapo.

Na ndo ufundi wenyewe. Diarekta anakupa vidokezo vitamu ili na wewe mtazamaji utamani kijana apigwe risasi pale kwenye reli. Bint Chuda ametamani, naona mpaka leo bado anatamani.

#5 Bint Chuda

Hahaha wakili umeniweza ila mimi sihami. Vipimo vya mwaka themanini na ngapi huko, sampuli imesafirishwa kwa ndege sijui imekaa wiki ngapi, uniambie haikuharibika?

#6 Dogo Skrini

Si ndo huyu aliyetengeneza Oldboy? Muvi zake zote zinaisha vibaya, mi simshangai.

#7 Fundi Antena

Dogo Skrini hapana, Oldboy ni ya Park Chan-wook, zimetoka mwaka mmoja 2003 ndo maana watu wanachanganya. Bong ndo huyu wa Parasite aliyebeba Oscar nne 2020. Steringi ni yuleyule Song Kang-ho, baba wa ile familia ya chini ya ardhi.

Kibatari, kwanza jua hii hadithi ni ya kweli. Mauaji yalitokea wilaya ya Hwaseong, kusini mwa Seoul, kuanzia 1986 mpaka 1991, wanawake kumi. Muvi imetokana na tamthilia ya jukwaani iliyoandikwa kuhusu kesi hiyo. Wakati Bong anashuti, muuaji halisi alikuwa HAJAPATIKANA. Sasa ulitaka amkamate nani? Angebuni mtu, familia za marehemu zingemwangalia vipi?

#8 Kibatari

Daah, asante Fundi, hilo sikulijua. Ila bado, Wamarekani wangebuni tu na maisha yangeendelea.

#9 Otieno wa Kisauni

Si wote. Zodiac ya David Fincher 2007 pia ni kesi ya ukweli na hawashiki mtu. Lakini manze hio Zodiac inakuachia jina, unatoka ukijua walikuwa wanashuku nani, kuna hadi ile sini ya mwisho jamaa anaonyeshwa picha anachagua uso. Hii ya Bong haikuachii kitu. Mimi nilicheki na bro yangu tukakosana hadi asubuhi, yeye alisema ni kijana wa factory, mimi nikasema polisi ndio wanafaa kushikwa.

#10 Nyanda wa Shy

Huyo muuaji alishapatikana nyie watu, mwaka 2019, akanyongwa. Tafuteni habari.

#11 Fundi Antena

Nyanda nusu ukweli nusu chai. Kupatikana kapatikana, kunyongwa hapana, Korea Kusini haijamnyonga mtu tangu Desemba 1997.

Ilivyokuwa ni hivi. Septemba 2019, miezi michache baada ya Bong kuchukua tuzo kubwa ya Cannes na Parasite, polisi wakatangaza kwamba vielelezo vya zamani vimepimwa DNA upya na vimemwangukia mfungwa anaitwa Lee Choon-jae. Alikuwa jela Busan tangu miaka ya tisini, kifungo cha maisha, kwa kumbaka na kumuua shemeji yake, mdogo wa mke wake, 1994. Akakiri mauaji 14, yale kumi ya Hwaseong na mengine manne. Na hawakuweza kumshtaki, maana sheria yao enzi hizo mauaji yalikuwa na miaka 15 tu ya kumshtaki mtu, tukio la mwisho la 1991 muda wake uliisha 2006. Sheria hiyo waliifuta 2015 lakini haikurudi nyuma kufufua kesi zilizokwisha kufa.

Kibaya zaidi, aliwahi kuhojiwa na polisi wakati wa uchunguzi wenyewe wakamwachia. Walichunguza watu zaidi ya 20,000, na waliamini muuaji ana damu grupu B. Lee ni grupu O.

#12 Wakili Njaa

Duh. Kwetu huku jinai ya mauaji haina tarehe ya kuisha, hata upatikane uzeeni na mkongojo unapanda kizimbani. Hapo kwenye miaka 15 ndo penye thrila yenyewe, saa inagonga na polisi wanajua.

Bint Chuda umeona lakini? Siyo kijana wa kiwandani.

#13 Bint Chuda

Wakili usichanganye mambo. Kwenye DUNIA ni Lee. Kwenye MUVI bado ni Hyeon-gyu. Muvi haijui mambo ya 2019, muvi imesimama pale 2003 na ushahidi wake mwenyewe. Angalia sini ya handaki, mvua inapiga, wanamuuliza, yule kijana uso haueleweki kabisa, hata muigizaji nadhani aliambiwa acheze pande mbili kwa wakati mmoja.

#14 Mamdogo Tabata

Mimi naomba niseme kitu tofauti kidogo na hao wa nani kaua. Mnamuongelea sana muuaji, hakuna anayemuongelea Baek Kwang-ho, yule kijana mwenye akili ya kitoto na makovu ya moto usoni, wa mwanzo kukamatwa. Wamempeleka porini usiku wamemchimbisha shimo ili akiri. Baadaye Park, yule mpelelezi steringi, anaona aibu anamletea zawadi ya viatu, vimeandikwa NICE badala ya Nike, feki kabisa, na mtoto wa watu anafurahi. Mimi nililia hapo. Sio kwenye maiti, kwenye viatu.

Halafu baadaye sana ndo wanagundua alikuwa anajua jinsi mauaji yalivyofanyika kwa sababu ALIONA. Alikuwa shahidi. Walikuwa na shahidi mkononi wakamfanya mshukiwa, na walivyorudi kumuuliza vizuri alikuwa anawaogopa, akakimbia akagongwa na treni. Kwangu mimi muvi iliishia pale, hizo karatasi za Marekani ni nyongeza.

#15 Mzee wa Reli

Mamdogo umenitoa pale nilipokaa. Niongezee hapohapo kwa Kwang-ho. Yule afande wa mateke, Cho, mnakumbuka anavalisha kiatu chake kitambaa kabla ya kumpiga mtu ili kisiache alama? Kwenye ule ugomvi wa mgahawani Kwang-ho anampiga na ubao wenye msumari wenye kutu, mguu unaoza, unakatwa. Mguu uleule. Hakuna anayetoa hotuba, hakuna muziki wa kukuambia ona malipo, unaona tu ile buti imebaki nje ya mlango. Wengi wangeweka mistari mitano ya maneno pale.

#16 Karao Mstaafu

Hamjambo wote. Mimi nilifanya hio kazi miaka mingi, sitasema wapi. Nataka kuwaambia kuhusu ile sini ya shamba la mpunga, mwili wa pili, mwanzoni mwanzoni. Park amezungushia alama ya kiatu barabarani anangoja mtaalamu wa vipimo. Watoto wanakimbia huku na huku, waandishi wanaingia, wanakijiji wamejaa, mkubwa anateleza anabingirika kutoka juu ya tuta, mtaalamu naye anateleza palepale, na wakati Park anafoka huku, trekta inakuja inapita juu ya alama. Imekwisha. Na kamera haijakatwa hata mara moja, inamfuata tu Park akizunguka.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliwahi kufika mahali duka limevunjwa na mlinzi ameuawa, na ndani tayari watu wamepanga vitu vizuri kwenye shelfu, wamefagia, mama mmoja amepiga deki kwa sababu damu inaleta nzi. Ukiwauliza wanakuambia afande tulikuwa tunakusaidia. Hio kesi haikuenda popote na mkubwa wangu akaniuliza mimi mbona hakuna alama.

Kwa hivyo mwenye uzi, muuaji hakushikwa kwa sababu ya trekta. Ilikuwa imeisha dakika ya kumi na kitu, masaa mawili yaliyobaki unaangalia watu ambao hawajui imeisha.

#17 Kibatari

Afande heshima yako. Hiyo ya trekta nilidhani ni komedi tu ya kutuchangamsha.

#18 Chumvi Nyingi

Wote mnazunguka mbuyu. Hii muvi ni ya siasa. Ni 1986, Chun Doo-hwan yuko madarakani, jenerali aliyeingia kwa mtutu. Kumbukeni ule usiku wana uhakika muuaji atatoka, wanaomba askari wa kuongezea wazunguke mashambani, wanajibiwa askari wote wamepelekwa kuzima maandamano. Binti anauawa usiku huo. Tena kuna ile ya king'ora cha mazoezi ya vita, kijiji kizima kinazima taa na kufunga milango, na ndani ya giza hilo la serikali ndo mtu anamburuta mwanafunzi. Giza limetengenezwa na dola, muuaji analitumia tu. Ile sura ya mwisho inakodolea zama nzima.

#19 Otieno wa Kisauni

Chumvi umeweka chumvi nyingi kweli. Siasa iko, lakini ukisema kila kitu ni serikali unamtoa yule mwanaume kwenye hatia. Hata serikali ikiwa nzuri kuna mtu ameketi kwenye majani anangojea msichana apite.

#20 Chumvi Nyingi

Sijamtoa. Nimeuliza nani alimzimia taa.

#21 Dogo Skrini

Mnaandika marefu kama mtihani wa fasihi, rudini kwenye swali. Kwa nini anaangalia kamera?

#22 Fundi Antena

Hilo Bong mwenyewe alishalijibu kwenye mahojiano. Alijua muuaji kuna uwezekano yuko hai na ataingia sinema kuona habari zake, akataka steringi amtazame machoni. Mwisho wa hadithi ni 2003, Park kaacha upolisi anauza mashine za jikoni, anapita palepale kwenye mtaro alikokuta maiti ya kwanza, anainama kuchungulia. Kabinti kanamwambia kuna mtu mwingine naye alichungulia hapo siku si nyingi, akasema alikumbuka kitu alichofanya zamani. Anauliza sura yake ikoje. Kabinti: ya kawaida tu. Ndo anageuka anatuangalia.

#23 Wakili Njaa

Alichokusudia diarekta ni kimoja, kinachofanya kazi kwenye skrini ni kingine. Mimi nisiye muuaji pia niliangaliwa. Wengi tulioangaliwa hatujaua. Kwa hiyo maelezo ya Bong yanamhusu mtazamaji mmoja tu duniani, sisi wengine tuliobaki je?

Yangu ni hii. Park mwanzo mwisho anajisifu ana macho ya kiganga, akimwangalia mtu usoni anamjua ni mhalifu. Mkuu wake anamtega pale kituoni: kuna vijana wawili wamekaa wanaandika maelezo, mmoja ni mbakaji, mwingine ni kaka wa msichana aliyebakwa, aliyemkamata mbakaji akamleta. Haya, yupi ni yupi? Park anawakodolea weee... na muvi inakata, HATUAMBIWI. Kwa hiyo mwishoni anapotukodolea anajaribu tena kile kipaji chake na hakifanyi kazi, uso wa kawaida hauna kitu cha kusoma. Ni mtu amefilisika macho.

#24 Mamdogo Tabata

Wakili hiyo ndo nzuri kuliko zote humu. Ila mbona mimi naona kwenye yale macho machozi? Mtu aliyefilisika kipaji halii. Pale anaikumbuka sura ya yule mwanafunzi aliyebandikwa plasta mgongoni.

#25 Bint Chuda

Aliyembandika plasta ni Seo, yule mpelelezi wa kutoka Seoul, sio Park.

#26 Mamdogo Tabata

Sawa ni Seo, lakini Park naye alikuwepo kwenye maiti yake. Usinikate stimu.

#27 Mzee wa Reli

Na hapo kwa Seo ndo mnapita mbio. Seo kaja kijijini na msemo wake kwamba nyaraka hazidanganyi, anamdharau Park na mateke yake. Walivyokutana mara ya kwanza Park alidhani ni mbakaji akamrukia teke barabarani, wakacheka wote. Mwisho wa yote, karatasi imefika, Seo ndo anakataa kuiamini, ndo ameshika bastola anataka kumuua kijana relini, na Park wa mateke ndo anamzuia mkono. Wamebadilishana nafsi na hakuna aliyefaidika. Kama unatafuta drama ndani ya thrila basi ndo hiyo, muuaji ni kisingizio.

#28 Nyanda wa Shy

Naomba kuuliza, huyo Lee aliiona hii muvi?

#29 Fundi Antena

Aliiona, jela. Novemba 2020 aliitwa mahakamani kama shahidi, akaulizwa, akasema aliiangalia kama muvi tu na hakuhisi chochote.

Na aliitwa shahidi wa nini? Hii ndo inaniumiza kichwa. Moja ya yale mauaji kumi, la 1988, lilikuwa na "muuaji" tayari. Kijana mmoja fundi mwenye ulemavu wa mguu alikamatwa, akanyimwa usingizi mpaka akakiri, akala miaka 20 jela, akatoka 2009. Mahakama imemsafisha Desemba 2020 baada ya Lee kusema lile nalo ni langu. Sasa pigeni picha, 2003 nchi nzima iko sinema inaangalia muvi kuhusu polisi wanaolazimisha walemavu kukiri, wanatoka wanafuta machozi, na mlemavu halisi aliyekirishwa kwa kesi hiyohiyo yuko ndani anahesabu miaka. Muvi haimgusi kabisa.

#30 Karao Mstaafu

Hio sikuijua. Nimenyamaza kidogo.

#31 Wakili Njaa

Kwa hiyo ile sura ya mwisho ilikuwa inamtafuta mtu kwenye viti vya sinema na mtu alikuwa jela, tena jela wapo wawili, mmoja alistahili. Haya, tafsiri zangu zote nimezikunja nimeweka mfukoni kwa muda.

#32 Dogo Skrini

Mi kaka yangu mkubwa aliiona zamani kibandani, ile ya kutafsiriwa. Mpaka kesho ukimuuliza anakuambia muuaji ni kijana wa kiwandani na alikufa kwa ajali ya treni, eti ndo malipo. Nimemwonyesha muvi yenyewe ananiambia hiyo yako imekatwa. Kumbe yule mtafsiri alipoona muvi inaisha vibaya na ukumbi umejaa watu wametoa hela zao, akamalizia mwenyewe kwa mdomo, Park anakodoa macho kwenye skrini na jamaa anasema "hapa steringi anatuambia, nilimfuata nikamaliza kazi, kwaherini".

#33 Otieno wa Kisauni

Nimecheka hadi mtoto ameamka. Hio ni DJ Afro tupu, yeye angeongeza na Park ameoa Seo.

#34 Bint Chuda

Kumbe kuna mtafsiri ananiunga mkono! Wakili umesikia?

#35 Wakili Njaa

Nimesikia, mwambie aje atoe ushahidi.

#36 Kibatari

Mnacheka lakini yule mtafsiri alijua watu wanataka nini. Ndo hoja yangu ya post ya kwanza. Mtu katoa hela.

#37 Mzee wa Reli

Kibatari, kuna diarekta wa Kiholanzi George Sluizer alifanya kama huyo mtafsiri wa Dogo Skrini, tena kwa muvi yake mwenyewe. 1988 alitoa Spoorloos. Jamaa na mpenzi wake wamesimama kituo cha mafuta Ufaransa, dada kaenda kununua vinywaji, harudi. Jamaa anamtafuta miaka mitatu. Mwishowe mtekaji anajitokeza mwenyewe, mwalimu mpole mwenye mke na mabinti, anamwambia: nitakuonyesha kilichompata, ila sharti upitie kilekile, kunywa kahawa hii ina dawa ya usingizi. Na jamaa ANAKUNYWA. Anaamka yuko ndani ya jeneza chini ya ardhi. Mwisho.

1993 Hollywood wakamwita Sluizer huyohuyo airudie kwa Kiingereza, yupo Jeff Bridges, Kiefer Sutherland, Sandra Bullock. Wakabadilisha, steringi anafukuliwa, adui anauawa. Leo nani anaiongelea hiyo ya pili? Ila ya kwanza ukishaiona hutanunua soda kituo cha mafuta kwa amani.

#38 Kibatari

Huyo jamaa anakunywa kahawa anajua kabisa ina dawa?

#39 Mzee wa Reli

Anajua. Kutojua kumemshinda kuliko kufa. Na wewe unayelalamika hujaambiwa muuaji, jiangalie, ungeikunywa.

#40 Kibatari

Labda nusu kikombe.

#41 Chumvi Nyingi

Mkimaliza hiyo mwangalie Caché ya Michael Haneke, 2005, Ufaransa. Familia ya mtangazaji wa TV inatumiwa kanda za video, nyumba yao imerekodiwa kwa mbali tu, hakuna kinachotokea. Nani anazituma? Hatuambiwi. Picha ya mwisho ni ngazi za shule, wanafunzi wanatoka, majina yanapita, na watu wengi hawaoni kabisa kwamba kwenye kona mtoto wa mtangazaji anaongea na mtoto wa yule Mwaljeria aliyedhulumiwa. Sauti zao husikii. Na nyuma ya yote kuna tarehe 17 Oktoba 1961, polisi wa Paris waliua Waaljeria waliokuwa wanaandamana, wengine wakatupwa mto Seine, na Ufaransa ikakaa kimya miongo. Mtaniambia tena ni siasa, na ndiyo, ni siasa.

#42 Otieno wa Kisauni

Hio niliiona nikalala. Picha moja ya nyumba dakika tatu.

#43 Chumvi Nyingi

Umelala kwenye ushahidi.

#44 Mamdogo Tabata

Jamani mnahama. Mimi bado niko kituoni na wale vijana wawili. Nimerudia ile sini, kijana mmoja kainamisha kichwa, mwingine anaangalia pembeni. Nasema mbakaji ni wa kushoto, amekaa kama mtu anasubiri basi.

#45 Bint Chuda

Wa kulia. Kaka mtu ndo angekuwa anaandika kwa hasira vile.

#46 Karao Mstaafu

Wote wawili huandika hivyohivyo. Niliona wengi.

#47 Nyanda wa Shy

Asanteni kwa darasa. Jumamosi nina nafasi, nataka moja tu ambayo mwisho wanaeleza nani kaua, kichwa kimechoka.

#48 Fundi Antena

Chukua ya Argentina, El secreto de sus ojos, 2009, ya Juan José Campanella, ilichukua Oscar ya lugha za kigeni. Muuaji utamjua mapema kabisa, kuna na sini ya kumkimbiza uwanja wa mpira kamera inatoka angani mpaka chini kwenye choo. Usichukue ile ya Marekani ya 2015.

#49 Nyanda wa Shy

Safi. Kwa hiyo anakamatwa na kufungwa, tunalala?

#50 Fundi Antena

Anafungwa, ndiyo.

#51 Mzee wa Reli

Fundi we mtu mbaya sana.